Kabla Hujanunua Kipima Mionzi

Hotuba kwa kikao cha maandalizi ya maafa cha Waafrika Mashariki wanaoishi Japani

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wengine, hasa wadogo zangu mliofika Japani juzi juzi, habari za mchana.

Mwenyekiti amenipa mada ndefu, lakini najua imetokana na swali fupi ambalo amekuwa akiulizwa tangu kinu cha nyuklia cha Onagawa kilipowashwa tena Oktoba 2024: "Ninunue kipima mionzi kipi?" Onagawa iko mkoa wa Miyagi, na tuna vijana wanaosoma Sendai hapo jirani, kwa hiyo swali hilo silidharau hata kidogo. Nitalijibu. Ila nitazunguka kwanza, maana anayeuliza "kipi" kabla hajauliza "cha kupimia nini" atauziwa chochote kilichobaki dukani.

Kifaa hiki cha mkononi kina swali moja tu kinachoweza kulijibu vizuri: hapa na pale, wapi kuna mionzi zaidi? Na swali la pili ni lilelile limegeuzwa: jana na leo, lini ilikuwa zaidi? Basi. Ukikiuliza kama samaki uliyenunua analika, kitakupa namba, lakini namba hiyo si jibu la swali lako. Ukikiuliza umevuta vumbi kiasi gani, hakijui. Na ukikiuliza ubaki nyumbani au uhame wakati serikali imeshasema hameni, hapo umekikosea adabu, na umejikosea mwenyewe.

Turudi Machi 2011, kwa sababu karibu kila tunachokijua kuhusu raia na vipima mionzi kilipimwa hapo.

Ijumaa ya tarehe 11, saa nane na dakika 46 mchana, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga pwani ya kaskazini-mashariki. Vinu vya Fukushima Daiichi vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe, kama vilivyoundwa. Lakini kinu kilichozimwa bado kina joto kali. Kinataka maji yazunguke, na maji yanataka umeme. Chini ya saa moja baadaye tsunami ikaingia, wimbi la mita kama 14, ikazamisha jenereta za dharura. Majengo ya vinu yakalipuka kwa haidrojeni tarehe 12, 14 na 15. Serikali ilichora duara la kilomita 20 na kuwaamuru waliomo ndani yake waondoke.

Duara ni rahisi kuchora, ila upepo haujui bikari. Tarehe 15 upepo ulielekea kaskazini-magharibi, mvua na theluji vikashusha kile kilichokuwa hewani juu ya milima na mashamba ya huko. Watu wa mji wa Namie walikuwa wamekimbilia Tsushima, sehemu ya bara ya mji wao, wakiamini wameikimbia hatari. Kumbe ndiko wingu lilikokuwa linaelekea. Kulikuwa na mfumo wa kompyuta wa serikali, SPEEDI, ulioundwa kwa kazi hiyohiyo ya kutabiri wingu linakwenda wapi, na matokeo yake hayakutangazwa kwa wananchi siku hizo walipoyahitaji. Kijiji cha Iitate, nje kabisa ya duara, kiliingizwa kwenye mpango wa kuhamishwa Aprili 22, zaidi ya mwezi mzima baadaye. Na wakati huohuo kulikuwa na sehemu za kusini, ndani ya duara, zenye mionzi kidogo kuliko Iitate.

Sasa wewe ungekuwa mzazi Fukushima mwezi ule, usingetaka kifaa chako? Ningetaka. Simlaumu mtu yeyote aliyekimbilia dukani.

Tatizo ni kwamba kila mtu alikimbilia dukani. Ndani ya siku chache vipima mionzi viliisha, Japani na ng'ambo. Watu wa California, bahari nzima katikati, walinunua vya kwao. China watu waligombania chumvi, kwa kuwa ina madini joto, yaani ayodini, wakidhani itawalinda na ayodini yenye mionzi, ingawa madini joto yaliyomo kwenye chumvi ni kidogo mno kwa kazi hiyo. Bei zikaruka, na vikaanza kuingia vifaa ambavyo hakuna aliyejua vimehakikiwa wapi. Septemba 2011 kituo cha taifa cha masuala ya wanunuzi hapa Japani kilijaribu aina 9 za bei nafuu. Kwenye mionzi midogo ya kawaida vingi vilionyesha namba kubwa kuliko ilivyokuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichofaa kupimia chakula. Fikirieni: mtu amelipa fedha nyingi ili atulie moyo, kifaa kinamwambia chumba chake kina mionzi maradufu ya kawaida, kumbe chumba kipo kama kilivyokuwa mwaka juzi.

Upungufu huo ndio uliozaa jambo la maana kuliko yote katika hadithi hii, kwa maoni yangu. Kundi la watu, wakiwemo Sean Bonner, Pieter Franken na Joi Ito, lilitaka kununua vipima mionzi na kuvigawa kwa wananchi. Havikupatikana. Basi wakageuza hesabu: kama vifaa ni vichache na watu ni wengi, kifaa kisikae kwa mtu mmoja, kitembee. Wakakifunga kwenye gari pamoja na GPS, kikawa kinaandika kipimo kila baada ya sekunde 5, na Aprili 2011 wakaanza kuzunguka barabara za Fukushima. Kundi hilo ni Safecast. Baadaye walitoa kifaa chao, bGeigie Nano, kama vipande ambavyo mtu huviunganisha mwenyewe mezani kwa kulehemu, na vipimo vyote wakaviacha wazi kwa yeyote. Leo hazina yao ina vipimo zaidi ya milioni 100 kutoka nchi nyingi.

Walichokiona barabarani ni kwamba wastani wa mji haukuambii habari ya mtaa wako. Mtaa huu chini, mtaa wa pili juu. Upande huu wa uwanja wa shule chini, penye mtaro juu mara kadhaa. Na vipimo rasmi vya wakati ule havikuundwa kwa ajili ya swali la mama anayempeleka mtoto kwenye bembea. Chukueni Tokyo. Kituo cha kupima cha Shinjuku kilikuwa juu ya jengo, takriban mita 18 kutoka ardhini. Kwa kazi yake ya kuangalia kama kuna wingu linapita, hapo ni mahali pazuri. Lakini siziamu, madini yenye mionzi yaliyotoka kwenye vinu, ikishatua iko chini, kwenye udongo na majani, na watoto wetu hawachezei kwenye ghorofa ya sita. Wananchi walilalamika, wakaongezewa vipimo vya mita moja.

Hapa niingize namba mbili, kwa sababu bila hizo mtasoma kifaa bila kujua kinachosomwa. Namba itakayokaa kwenye kioo mara nyingi ni mikrosiveti kwa saa, yaani kasi ya kupokea dozi, kiasi cha mionzi ambacho mwili unapokea. Shinjuku kabla ya ajali ilikuwa ikicheza kati ya 0.028 na 0.079. Hiyo ni mionzi ya asili, ya miamba na ya anga, tunayoishi nayo sote.

Aprili 2011 serikali iliweka kikomo cha 3.8 kwa viwanja vya shule. Imetoka wapi 3.8? Walianza na milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti moja ni mikrosiveti elfu), wakachukulia mtoto yuko nje saa 8 na ndani saa 16, na kwamba nyumba ya mbao inapunguza mionzi hadi asilimia 40. Piga hesabu utaifikia. Toshiso Kosako, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliyekuwa mshauri wa Waziri Mkuu, alijiuzulu mwishoni mwa mwezi huo akitokwa na machozi mbele ya waandishi wa habari, akisema hawezi kukubali kiwango hicho kwa watoto wa shule. Mwezi wa tano wizara ikasema italenga milisiveti 1. Na namba ya pili, 0.23, ambayo mtaikuta kila mahali kwenye habari za kusafisha mji, imetokana na hesabu ileile ya saa 8 na saa 16, ila inaanzia milisiveti 1 kwa mwaka: inakuja 0.19, ukiongeza 0.04 ya asili unapata 0.23. Kwa hiyo mtu akikuambia "hapa ni 0.25, tumevuka mpaka wa hatari", mwambie taratibu kwamba huo ni mpaka wa kupanga kazi ya usafi. Mwili haubadiliki ghafla kutoka 0.22 kwenda 0.24. Na akikuambia "3.7 ni salama, iko chini ya kikomo", naye mwambie vilevile.

Twende kwenye kifaa chenyewe. Vingi vina mrija wa Geiger na Müller: gesi ndani, umeme wa volti mia kadhaa, na kila chembe ya mionzi inapopita gesi inashtuka na kifaa kinahesabu moja. Ile milio, tik, tik-tik, kimya, tik, ni kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati: hayaji kwa mpangilio. Na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Mrija wa kawaida kama SBM-20, uliotengenezwa kwa wingi Urusi tangu enzi za Kisovieti, kwenye mionzi ya asili utahesabu labda 18 kwa dakika. Dakika inayofuata 13. Ya tatu 24. Hakuna kilichotokea! Hiyo ni bahati nasibu ya kawaida ya mionzi. Kwa hesabu ya 18, kupanda au kushuka kwa hadi 8 au 9 ni jambo la kila siku. Mtu anayeangalia kioo kwa nusu dakika, akaona namba imepanda, akapiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, ametutumia kelele. Acha kifaa kihesabu dakika 10. Hapo utakuwa na hesabu kama 180, na mashaka yako yameshuka hadi asilimia 7 hivi. Mrija mpana wenye dirisha la ulanga, kama ule wa bGeigie, unahesabu haraka zaidi: takriban 334 kwa dakika kwa kila mikrosiveti moja kwa saa ya siziamu 137.

Nimesema "ya siziamu 137" makusudi. Mrija wa Geiger unahesabu tu, haujui ni chembe ya aina gani. Mtengenezaji ndiye aliyebadilisha hesabu kuwa mikrosiveti, akichukulia kwamba mbele yako kuna siziamu. Mionzi ikiwa ya nguvu ndogo, mrija usio na kizuizi cha kusawazisha utazidisha. Dirisha likiwa wazi, mionzi ya beta, ile isiyopenya mbali, inaingia pia, na namba ya dozi inapaa bila sababu. Kwa hiyo kama una kifaa chenye dirisha, litumie wazi unapotafuta uchafu kwenye viatu au mtaro, halafu lifunike kwa kifuniko chake au bamba la alumini unapotaka kusema "hapa ni mikrosiveti kadhaa".

Basi ninunue kipi? Haya, nimefika. Kwa nyumba ya kawaida ningechagua kimojawapo kati ya viwili. Cha kwanza, kifaa cha mrija wa Geiger kutoka kwa mtengenezaji anayesema waziwazi ametumia mrija gani, kinachoonyesha hesabu kwa dakika pamoja na mikrosiveti, na chenye karatasi ya uhakiki. Cha pili, kama mfuko unaruhusu, kile chenye fuwele inayotoa mwanga kila mionzi inapoigonga, mfano Horiba Radi ya hapahapa Japani. Hiki kinapima mionzi ya gama tu, ile inayopenya mbali, lakini kwenye mionzi midogo kinatulia haraka mno kuliko mrija. Vile vidogo vya fotodaiodi, yaani vyenye kipande kidogo cha kielektroniki badala ya mrija, nisingeviweka mbele. Vinahitaji subira ndefu kupata namba ya maana karibu na kawaida. Mwaka 2012 kuna kampuni ya simu ilitoa hata simu yenye kipima mionzi ndani yake. Ilikuwa na ubunifu, lakini simu ndicho kitu cha kwanza kuishiwa chaji umeme ukikatika. Chagueni kinachotumia betri za kawaida zinazouzwa kila duka la mtaani, na muwe na za akiba.

Angalieni pia kikomo cha juu. Wauzaji hawapendi kulizungumza hili. Mrija wa Geiger ukizidiwa na mionzi mikali sana unaweza kuziba: chembe zinakuja haraka kuliko unavyoweza kupumua, na kifaa kibovu kinaonyesha namba ndogo, hata sifuri. Kifaa kizuri kitaandika kwamba kimezidiwa. Someni kitabu chake kabla ya kulipa, mtafute hilo neno. Na kinyume chake kipo. Septemba 1987, Goiânia huko Brazil, watu wa vyuma chakavu walivunja mashine ya tiba ya mionzi iliyotelekezwa na kutawanya siziamu mtaani. Mwanafizikia aliyeitwa kuangalia aliazima kipimo, akakiwasha njiani, mshale ukagonga mwisho kila alikokielekeza. Akajua kimeharibika. Akarudi kuchukua kingine, nacho kikafanya vilevile. Watu wanne walikufa katika tukio lile. Mwanafizikia huyo hakuwa mjinga. Ni kwamba hakuna anayeamini namba kubwa mara ya kwanza, kama hana kipimo cha pili cha kulinganisha.

Ndiyo maana nasema, kinunuliwe wakati hakuna ajali, na wiki za kwanza kitumike kuzoea kwako. Pima sebuleni, pima kibarazani, pima kituo cha treni chenye nguzo za mawe ya matale, utaona inapanda kidogo. Andika daftarini: mahali, tarehe, mvua au jua, urefu kutoka chini. Pima mvua inapoanza kunyesha, hasa upande wa Bahari ya Japani wakati wa baridi. Namba itapanda bila ajali yoyote, kwa sababu mvua inashusha mazao ya radoni, gesi ya asili yenye mionzi, kutoka hewani. Hayo hupungua nusu kila baada ya nusu saa hivi. Ngoja saa mbili tatu baada ya mvua, itashuka yenyewe. Ambaye hajawahi kuliona hilo kabla ya ajali atalala macho wazi siku ya mvua ya kwanza baada ya ajali. Ukisafiri kwenda nyumbani kiwashe ndani ya ndege. Huko juu kitasoma mara 20 au zaidi ya ardhini, na utashuka Dar au Nairobi kirudi palepale. Na wale ambao babu zao walivua dagaa kwa karabai: ule wavu mweupe unaowaka ndani ya taa, wa zamani, ulitiwa thoriamu, madini yenye mionzi. Ukiupata popote, usiuguse sana, lakini ni kitu kizuri cha kuhakikisha kama kifaa kinafanya kazi.

Daftari hilo ndilo litakalokupa haki ya kusema "imeongezeka". Bila hilo utakuwa na namba isiyo na jirani. Jirani mwingine mnaye tayari: Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya hapa inachapisha kwenye intaneti vipimo vya maelfu ya vituo, muda wote. Tafuta kituo kilicho karibu na kwako, simama chini yake na kifaa chako, linganisha. Mkitofautiana kwa kiasi kilekile kila siku, umeshakijua kifaa chako.

Niwasimulie Setagaya, maana ni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Oktoba 2011, wilaya ya Setagaya, Tokyo, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenye kinu. Watu wenye vipima mionzi walikuwa wakipita mitaani, na kando ya njia moja ya waenda kwa miguu kukaonekana namba zisizo za kawaida. Halmashauri ikaja, ikapima, ikapata hadi mikrosiveti 2.7 kwa saa. Nchi nzima ikashtuka: Fukushima imefika Tokyo kwa kiasi hicho? Wataalamu wakachunguza uzio, wakafuata namba ilikokuwa inapanda, wakaingia kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa pembeni. Chini ya sakafu wakakuta chupa zenye radiamu, madini mengine yenye mionzi, iliyokaa humo miaka mingi kabla ya tetemeko lolote. Kifaa kilisema kweli. Kilisema, "hapa kuna zaidi." Watu ndio walioimalizia sentensi kwa jina la Fukushima.

Na mwezi uleule, Kashiwa, mkoa wa Chiba, ikapimwa mikrosiveti 57.5 kwa saa, kipimo kikiwa ndani ya udongo, kama sentimita 30 kwenda chini. Hapo ilikuwa siziamu ya Fukushima kweli: mtaro uliovunjika ulikuwa ukimwaga maji ya mvua ya eneo zima mahali pamoja. Visa viwili, namba mbili za kutisha, sababu mbili zisizofanana, na kifaa cha mkononi hakiwezi kuzitenganisha. Kazi yake ni kukuita. Kutambua ni kazi ya maabara, na ukipata mahali pa namna hiyo, unapiga simu halmashauri, huchimbi mwenyewe.

Ukipima, basi, pima hivi. Mita moja kwa watu wazima, nusu mita kwa wadogo wa shule ya msingi, ndivyo shule za hapa zilivyopimwa. Kisha shuka karibu na ardhi bila kuigusa, penye bomba la maji ya paa, chini ya miti, kwenye majani yaliyorundikana. Kifaa kiwe ndani ya mfuko wa plastiki, ili kikigusa vumbi utupe mfuko na si kifaa. Kifaa kilichochafuka kitakuona wewe mchafu kila uendako. Na muwe na heshima: jirani aliyetoka hospitali kwa kipimo au tiba ya nyuklia atakifanya kipige kelele kwenye lifti. Hilo si jambo la kumtangazia.

Chakula nitakipita haraka, kwa sababu jibu ni hapana. Machi 2011 mtambo wa maji wa Kanamachi, Tokyo, ulikutwa na bekereli (kipimo cha wingi wa mionzi ndani ya kitu) 210 za ayodini yenye mionzi kwa kilo, juu ya kikomo cha 100 cha watoto wachanga, na mji ukagawa maji ya chupa. Tangu Aprili 2012 kikomo cha vyakula vya kawaida ni bekereli 100 kwa kilo. Viwango hivyo vinazama kabisa ndani ya mionzi ya asili inayozunguka kifaa chako. Weka kilo ya mchele wenye bekereli 100 mbele yake, hakitatikisika. Vinahitaji mashine iliyozungushiwa madini ya risasi nene, na sampuli kuachwa ndani kwa muda. Akina mama wa Iwaki walilielewa hilo mapema, na Novemba 2011 wakafungua maabara yao, Tarachine, mtu apeleke mboga zake zipimwe. Hiyo ndiyo njia. Michango ya watu kumi inafika mbali zaidi hapo kuliko vifaa kumi vya mkononi.

Dozi ya mwili wako pia ni kitu kingine. Kuna vipima vya kuvaa kifuani vinavyojumlisha dozi ya siku nzima, ofisini, kitandani, njiani. Mwaka 2014 wanafunzi na walimu 216 wa Fukushima, sehemu nyingine za Japani, Ufaransa, Poland na Belarus walivaa cha aina hiyo kwa wiki mbili, na dozi za waliokaa Fukushima hazikutofautiana sana na za wenzao. Hilo haliifuti Iitate wala halimrudishii mtu wa Namie nyumba yake. Linatuambia tu kwamba namba ya mahali na dozi ya mtu havifanani, kwa kuwa mtu hakai mahali pamoja.

Ndugu zangu wa biashara ya magari, hamjasahaulika. Mwaka 2011 forodha ya Vladivostok ilianza kuyazuia magari yaliyotumika kutoka Japani kwa sababu ya mionzi, na mnajua wenyewe kwamba ukaguzi wa gari kabla halijapakiwa kwenda Mombasa umekuwa na kipengele hicho. Mwenye yadi anafaidika na kifaa kuliko mwenye nyumba: ana vitu vingi vinavyofanana, vimepangwa safu moja, na swali la "hapa na pale" ndilo lake hasa. Anzeni na kichujio cha hewa, chini ya vifuta kioo, mpira wa milango, matope ya ndani ya matairi. Namba ya mnunuzi wa Tanga ni ileile mliyoiona nyie, kwa hiyo msimfiche.

Na siku yenyewe ikifika? Siku ile kifaa kinakaa mfukoni. Ingia ndani, funga madirisha na feni za kuvuta hewa, sikiliza tangazo la mji, na ukiambiwa hama, hama na pasipoti na dawa zako. Vidonge vya ayodini vinamezwa kwa agizo tu, vinalinda tezi ya shingo dhidi ya ayodini yenye mionzi peke yake. Wadogo zangu ambao Kijapani bado ni kigumu, pangeni leo nani atawapigia simu kuwatafsiria. Ayodini 131 inapungua nusu kila siku 8. Siziamu 137 inachukua miaka 30. Kwa hiyo muda wa kupima mitaro upo mwingi, miaka, na ndipo kifaa chako kitakapofanya kazi: kuchagua njia ya kwenda shule, kujua rundo lipi la majani lizolewe kwanza, na kuona kama waliosafisha wamesafisha.

Pendekezo langu kwa mwenyekiti ni kwamba jumuiya inunue vifaa viwili vinavyofanana, viwe vinaazimwa kama tunavyoazima maturubai, na daftari moja la pamoja. Viwili, ili kimoja kikisema jambo la ajabu kingine kiulizwe. Atakayetaka chake binafsi anunue, lakini aje alinganishe na vyetu kwanza.

Nimekuja na vitatu hapa mezani, kimoja ni kibovu na sisemi kipi. Maswali tutayachukua nje, pale kwenye mtaro wa maegesho, dakika kumi kila mmoja, na kalamu mkononi.